Ubongo Ulioshindwa Kugawanyika

Ubongo wa mbele wa mtoto aliye tumboni huanza kama kifuko kimoja, na katika wiki za mwanzo za mimba kifuko hicho hujigawa pande mbili. Kisipogawanyika ipasavyo, uso nao huathirika katikati: macho husogeleana, mdomo wa juu hupasuka, na hali ikiwa mbaya kabisa mtoto huwa na jicho moja. Madaktari huiita holoprosensefali. Humpata takribani mtoto mmoja kati ya 10,000 wanaozaliwa hai, na mimba nyingi zaidi za namna hii huharibika mapema.

Kwa karne nyingi Ulaya ilimlaumu mama, ikidai kuwa alishtuka au alitazama jambo baya akiwa mjamzito. Katika karne ya 19, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire wa Paris alieleza kuwa huo ni ukuaji uliokwama njiani. Alikuwa sahihi, ila chanzo cha kukwama hakikujulikana bado.

Katika miaka ya 1950, wafugaji wa Idaho, Marekani, walikuwa wakipata wanakondoo wenye jicho moja. Uchunguzi ulionyesha kuwa mama zao walikula mmea wenye sumu karibu na siku ya 14 ya mimba. Je, basi ni sumu? Mwaka 1996 watafiti walipata hitilafu ya jeni ya SHH katika familia zenye kasoro hii, na baadaye ikabainika kuwa sumu ile huzuia ishara za jeni hiyohiyo. Sumu na urithi vilikuwa vikiharibu njia moja.

Kulikuwa na fumbo jingine. Mwaka 1984 James Hartsfield na wenzake, huko Indiana, walieleza kisa cha mtoto mwenye ubongo usiogawanyika, mdomo uliopasuka, na pia mikono na miguu iliyokosa vidole vya kati. Jibu lilitoka Brussels mwaka 2013. Nicolas Simonis, Catheline Vilain na wenzao wa Université libre de Bruxelles walisoma jeni za wagonjwa wa aina hiyo, wakakuta hitilafu katika FGFR1, jeni iliyokwisha kuhusishwa na watu wasiosikia harufu na wasiobalehe.

Kwa baadhi ya wagonjwa, nakala moja yenye hitilafu ilitosha. Kwa wengine zilihitajika mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Wazazi wa kundi hili la pili wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye kasoro hii katika kila mimba, na kipimo cha jeni ndicho kinachowaonyesha wamo kundi lipi.