Cherehani na Dhahabu ya Geita

Ndugu msomaji, huenda una kijana anayetaka kwenda Geita au Kahama kufungua kazi ya darizi, akiamini palipo na dhahabu hapakosi wanunuzi wa kanzu na nguo za harusi. Kabla hujamkabidhi mtaji, itazame tarehe ya huko.

Mgodi wa Geita ulioanza zama za Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa haukutoa dhahabu hadi mwaka 2000. Miaka 34! Buzwagi, jirani na Kahama, ulianza 2009 ukasimama 2021. Mgodi ukifungwa, wenye mishahara huenda zao; fundi hubaki na mashine yake.

Basi mashine gani? Ya kompyuta, yenye sindano nyingi, hudarizi ua lile lile mara mia bila kukosea, na kwa beji za sare haina mpinzani. Lakini yataka umeme usiokatika na kazi ya kila siku. Cherehani ya miguu, jamaa ya ile aliyoipatia hataza Isaac Singer mwaka 1851, nayo yadarizi: wayafunika meno yanayosukuma kitambaa, wautoa mguu unaokibana, wakikaza kitambaa kwenye fremu ya duara, kisha mkono ndio unaoongoza. Ni polepole, na si kila mkono utaiweza. Ila siku isiyo na darizi, hiyo hiyo itamshonea suruali mkulima wa pamba wa Shinyanga, ambaye alikuwapo kabla ya Buzwagi na yupo bado.

Mimi ningemnunulia hiyo kwanza, na fremu mbili. Ya kompyuta aingoje hadi apate maagizo ya sare yaliyokwisha kuandikwa.