Sentinel-1

Sentinel-1 ni kundi la setilaiti za rada zinazoichunguza Dunia kutoka angani chini ya Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya, zikiendeshwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya. Ya kwanza, Sentinel-1A, ilirushwa tarehe 3 Aprili 2014 kwa roketi ya Soyuz kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ili kuendeleza kazi ya setilaiti za awali za ERS-1, ERS-2 na Envisat, ambayo mawasiliano nayo yalikatika mwaka 2012.

Setilaiti hizi huzunguka kwenye kimo cha kilomita 693 hivi, katika obiti, yaani njia ya mzunguko, inayopita karibu na ncha zote mbili za Dunia, na kila moja huirudia njia ile ile baada ya siku 12. Kamera hutegemea mwanga wa Jua, lakini rada hutuma mawimbi yake yenyewe ya redio, ambayo hapa yana urefu wa sentimita 5.6 hivi, kisha hupokea mwangwi unaorudi. Na kwa kuwa mawimbi hayo hupenya mawingu, picha hupatikana usiku na mchana, hata katikati ya masika. Antena ya mita 12.3 peke yake isingeweza kutofautisha vitu vidogo kutoka mbali kiasi hicho, kwa hiyo miangwi iliyokusanywa setilaiti ikiwa mwendoni huunganishwa kwa hesabu za kompyuta, ikawa kana kwamba imepokewa na antena moja kubwa mara nyingi kuliko ile halisi.

Maji yaliyotulia huyaakisi mawimbi upande mwingine, hivyo huonekana meusi katika picha, ilhali mji wenye majengo mengi hung'aa. Ndiyo sababu, Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019, mafuriko yaliweza kuchorwa kwenye ramani wakati mawingu yangali yametanda. Mafuta yaliyomwagika baharini nayo hutambulika kwa sababu hutuliza viwimbi vya juu ya maji.

Matumizi yenye thamani ya pekee ni kulinganisha picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa nyakati tofauti: badiliko dogo la umbali kati ya setilaiti na ardhi huonekana katika hatua ya wimbi linaporudi, yaani mahali lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake, hata uso wa nchi ukiwa umepanda au kushuka kwa sentimita chache tu. Baada ya volkeno ya Nyiragongo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kulipuka tarehe 22 Mei 2021, vipimo vya namna hii viliwasaidia wanasayansi kutambua kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza chini ya mji wa Goma na Ziwa Kivu.

Sentinel-1B, iliyorushwa mwaka 2016, iliacha kutoa picha Desemba 2021 kutokana na hitilafu ya umeme wa rada, na pengo hilo likazibwa na Sentinel-1C, iliyorushwa Desemba 2024. Data zote za mpango huu hutolewa bila malipo kwa yeyote anayezihitaji. Kwa hiyo hata nchi isiyo na setilaiti ya rada inaweza kufuatilia mafuriko, misitu na volkeno zake, mradi iwe na wataalamu wa kuzisoma data hizo.