Chungu cha Ijumaa

Katika taarikhi ya miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Kilwa, waandishi wamesema mengi juu ya majahazi na masultani, pembe na karafuu, wakaupita mlango wa jikoni bila ya kupiga hodi. Na kwa sababu hiyo ada moja kubwa, ambayo imepanga matumizi ya nyumba kwa wiki nzima na kuvikaribisha vyakula vya ugenini katika sinia za wenyeji, haijapewa haki yake. Ada hiyo ni chakula cha Ijumaa, nami naona kwamba asiyeifahamu hawezi kufahamu barabara jinsi watu wa pwani walivyoyapokea mambo ya ulimwengu na kuyafanya yao.

Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka 1331, alikirimiwa Mogadishu wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Naye alipofika Mombasa aliona kwamba chakula kikubwa cha wenyeji ni ndizi na samaki. Msomaji akiitazama vema karamu ile ya Mogadishu atakuta mchele umekwisha kushika cheo chake, lakini hataona muhogo, wala mahindi, wala nyanya, wala mbatata, kwani vyote hivyo asili yake ni Amerika, navyo havikuweza kutufikia kabla ya merikebu za Wareno kuizunguka Rasi na kutia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Basi katika mchuzi tunaoudhania kuwa ni wa tangu na tangu, nusu ya vilivyomo vilikuwa vigeni zamani, na palikuwa na mwanamke, ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliyethubutu kuvitia chunguni mara ya kwanza.

Kuthubutu huko kulitaka siku yake. Siku za kazi chakula kilikuwa cha kushibisha tu: muhogo, sima, kunde, mchicha, na samaki kwa kadiri ya riziki ya siku ile, na bibi wa nyumba, ambaye aghalabu hakuwa na daftari wala kalamu, alijua kwa hesabu ya kichwani ni pishi ngapi za mchele zisiguswe, ni nazi zipi ziwekwe, na samli ibakie kiasi gani chunguni, ili itakapofika Ijumaa asiadhirike. Alhamisi alasiri mchele ulipetwa katika ungo na kuchaguliwa punje kwa punje, na bizari, iliki na mdalasini vikatwangwa kinuni, hata jirani akajua kwa harufu kinachotarajiwa kesho.

Siku ya pili, mapema, nazi zilikunwa kwa mbuzi, machicha yakatiwa katika kifumbu na kukamuliwa kwa mikono miwili mpaka kasimile ikatoka nzito na nyeupe, nayo ikawekwa kando. Kisha machicha yakatiwa maji tena, yakatoa tui jepesi. Mchele ulianza kuiva katika tui hili jepesi, na kasimile ikatiwa maji yalipokaribia kukauka. Ndipo moto ukapunguzwa, mfuniko ukawekwa, na makaa yakapaliwa juu yake, wali ukaiva kwa joto la chini na la juu. Yote haya yalipaswa kwisha kabla ya wanaume kurejea kutoka msikitini, na nimestaajabu siku zote kuona ustadi kama huu ukiitwa kazi ndogo.

Kuhusu namna ya kula, majumba yalitofautiana. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, alieleza jinsi jamaa ya mfalme walivyoketi kuizunguka meza ndefu ya kimo kifupi, wakala kwa mkono wa kulia. Katika nyumba nyingi za mjini wanaume walikula barazani na wanawake na watoto ndani, lakini chungu kilikuwa kimoja, na sahani iliyofunikwa kwa kawa ilitangulia kwenda kwa jirani. Naye jirani hakuirudisha tupu.

Kwa njia ya sahani hizo upishi ulisafiri nyumba kwa nyumba. Pilau na biriani, zilizotujia kutoka Uajemi na Bara Hindi, zilifundishwa namna hiyo, kutoka kwa wifi hadi wifi, na mkaza mwana aliyeolewa mtaa wa mbali alikuja na mkono wa kwao, mama mkwe akamwonja kimyakimya. Matokeo yake hayakuwa mwigo. Biriani ya pwani hupikwa wali mbali na masala mbali, vikakutana katika sinia wakati wa kupakua, ilhali wapishi wengi wa Bara Hindi huvipanga tabaka kwa tabaka ndani ya chungu kimoja. Na pilau yetu hutaka vitunguu vikaangwe mpaka viwe hudhurungi kabisa, kwani humo ndimo itokamo rangi yake.

Ada hii ilipata mtihani mzito wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Unguja ilitegemea sana mchele wa ng'ambo, hususani wa Burma, na Wajapani walipouteka mji wa Rangoon mwezi wa Machi 1942, njia hiyo ilikatika. Mchele ukaadimika, na muhogo na mahindi yakashika mahali pake. Wenye kupika walirejea kwenye kasimile, ambayo haikutegemea meli yoyote, wakautukuza kwayo muhogo. Na kwa rai yangu muhogo wa nazi uliopikwa kwa subira hauhitaji kusimama nyuma ya pilau yoyote.

Leo, katika miji ambayo ofisi hufunguliwa Ijumaa, jamaa wengi wameuhamishia mkusanyiko wao Jumapili, na mapishi mapya hupokewa kwa simu. Lakini Maskati, walikohamia wengi wa jamaa za Unguja baada ya mwaka 1964, Ijumaa ni siku ya mapumziko, na baada ya sala nyumba hizo hupakua wali wa nazi na mchuzi wa samaki, wakati jirani zao Waomani nao wamekwisha kuyazoea maandazi na mishikaki ya Unguja.