Kawi mbadala Isiolo: Jua ni tele, maji ndiyo adimu

KAWI mbadala ni ile isiyotokana na mafuta wala makaa ya mawe, na ambayo haiishi kwa kutumiwa: jua, upepo, mvuke wa ardhini, maji ya mito na samadi ya mifugo.

Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwa njia hizo. Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umetoa umeme tangu 1981. Mitambo 365 ya upepo iliyoko Loiyangalani, Marsabit, iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018, nacho kituo cha jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50, kikazinduliwa mwaka wa 2019.

Hata hivyo, nyaya zisizofika bomani hazimfai mfugaji. Isiolo, iliyo karibu na Ikweta, ina jua la kutosha takriban mwaka mzima. Mjini Merti, mtambo wa dizeli uliongezewa paneli za jua.

Faida kubwa ya jua katika kaunti hiyo si taa bali maji. Pampu ya dizeli huwalemea wanakijiji wakati wa ukame, mifugo inapofurika kisimani na mashine ikalazimika kufanya kazi usiku na mchana. Pampu ya sola huvuta maji mengi zaidi jua linapowaka, na ikijaza tangi mchana haihitaji betri.

Betri ndiyo huangusha mitambo mingi ya nyumbani. Paneli yaweza kudumu miaka 20 na zaidi, lakini betri ya asidi huchoka baada ya miaka michache, na upesi zaidi ikiachwa iishe chaji kabisa. Vumbi nalo lifutwe kwa kitambaa laini asubuhi, kioo kikiwa baridi.

Paneli ndogo ya wati 50 hutosha taa chache, redio na simu. Haipiki.

Biogesi je? Kila ndoo ya samadi huhitaji takriban ndoo moja ya maji, na ng'ombe sharti walale zizini. Hilo lawezekana kwa mkulima wa Meru, si kwa anayehama na mifugo wake.

Hivyo wengi hubaki na kuni na makaa. Afadhali basi ukatwe mathenge, mti ulioletwa nchini kuzuia jangwa kisha ukavamia malisho, kuliko migunga. Lakini ukikatwa juu ya ardhi huchipuka tena. Sharti kisiki king'olewe.