Vidaka vya Pate vilivyogeuka mawaidha

Ukikaribishwa ndani ya nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, jicho hukimbilia ukutani. Hapo pana vidaka, safu juu ya safu, vilivyonakshiwa kwa chokaa. Ndimo matajiri wa visiwa vya Lamu walimopanga sahani na mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa vyombo vya bahari kutoka ng'ambo. Kidaka kilikuwa fahari ya mwenye nyumba. Katika utenzi wa Al-Inkishafi kiligeuka mawaidha.

Utenzi huo ulitungwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate. Mji huo jirani wa Lamu, chini ya watawala wake Wanabahani, ulikuwa umeneemeka kwa biashara, kisha ukaliwa na fitina za kugombea ufalme na vita na majirani. Katika miaka ya 1810, Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walishindwa na watu wa Lamu huko Shela, kisiwani Lamu. Majumba yakabaki magofu.

Sharifu hakuandika tarikhi ya vita hivyo. Aliuweka kitako moyo wake mwenyewe akauhoji: dunia hii unaing'ang'ania ya nini? Ulipokaidi, akaupitisha nyumba hadi nyumba. Palipokuwa na vyombo vya kauri sasa pana makinda ya ndege. Kumbi zilizojaa mazungumzo zimeachiwa mende na nyenje. Wenyewe wako kaburini. Jahanamu anaitaja mwishoni, moyo ukiwa umekwisha kujionea gofu.

Beti zake ni za mishororo minne, kila mshororo mizani 10, nazo zilinakiliwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwandishi wa hati nzuri, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tungo nyingi za kale za pwani. Mwaka 1939 William Hichens, mmoja wao, alichapisha utenzi huu London, ukawafikia wasomaji ambao hawajapata kukanyaga Pate.

Siku hizi fahari imehamia kabati la vioo sebuleni. Humo mna vikombe vya wageni, havishikwi ila sikukuu. Kuna siku mama huvitoa kuvipangusa vumbi, akakuta kimoja cha zamani kuliko vyote. Kikombe bado kizima. Bibi aliyekinunua hayupo. Sharifu angeanzia hapo.