Kongowea Isiyoingia Kwenye Brosha

Alfajiri sokoni Kongowea malori ya viazi na vitunguu hushusha mizigo, mahamali wakipaza sauti wapishwe njia. Sehemu ya shehena hiyo huishia jikoni mwa mahoteli ya Nyali na Bamburi. Mgeni atakayeila hupita kando akiwa ndani ya basi lenye vioo vyeusi.

Mambo hayakuanza jana. Mwaka 1948 iliundwa East African Tourist Travel Association, makao yake Nairobi, ili kuzitangaza Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa sauti moja. Chambo chake kilikuwa simba na tembo. Pwani ilikuwa mahali pa kuoga baada ya vumbi la mbugani. Hoteli ya Nyali Beach ilikuwa imeshafunguliwa, 1946, na aliyeiendea kutoka kisiwa cha Mombasa alivuka daraja la kuelea la 1931, tena kwa kulipa ushuru. Katikati ya miaka ya 1960 chama kile kikavunjika, kila nchi ikajipigia zumari lake. Kenya ikaunda shirika la kuendeleza utalii mwaka 1965, na daraja la sasa la Nyali likafunguliwa 1980.

Bodi ya Utalii ya Kenya ilizaliwa mwaka 1997, mwaka wa nuksi. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni, Mombasa, kilivamiwa. Watu wakauawa, maelfu wakahama makwao, na vitanda vya mahoteli vikabaki vitupu. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije bila dharura kisiwani Mombasa wala katika ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, tangu mkondo wa Mtwapa hadi Tiwi. Kongowea imo humo. Mabango mangapi yangeweza kushindana na mstari huo mmoja wa ramani?

Kwa upande wa utalii wa mikutano, Nairobi ilitangulia. Ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa Kenyatta (KICC) ulipokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1973, na Sheria ya Utalii ya 2011 ikaupa ukumbi huo shirika lake. Mombasa mikutano mingi hulala hotelini, mjumbe akiamka, akila na kujadili chini ya paa moja. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti utalii wa mashinani, serikali kuu ikabaki na sera. Mgawanyo mzuri, ila mashinani penyewe ni wapi kama si hapa?

Maana hapa pana cha kuonyesha. Kongowea ni jina la kale la Mombasa yenyewe, na wazee wa Mvita hulitaja pamoja na Mwana Mkisi, malkia wa masimulizi. Ng'ambo hii ya bara ndiko alikozikwa Rosina, mke wa mmisionari Krapf, Julai 1844, miezi michache baada ya kufika. Si mbali na hapo ni Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa 1875. Kengele yake iliwaonya watu dhidi ya wateka watumwa.

Jina la kengele halijafa. Kondakta wa matatu hulitamka mara mia kwa siku, akigonga bati: “Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?” Abiria hushuka, na basi la wajumbe hulipita likielekea Bamburi.