Sabuni, Liwa na Singo: Historia ya Pwani katika Msamiati wa Utunzaji wa Ngozi

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata pembe za ndovu, watumwa na karafuu. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba upo ushahidi mwingine, nao umehifadhiwa na wanawake: majina ya vitu vilivyotumika kuosha, kulainisha na kunukisha ngozi.

Tuanze na vitenzi. Kuoga, kunawa, kuosha na kupaka ni maneno ya asili ya Kibantu. Tukigeukia nomino, hali hubadilika. Sabuni ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kilatini. Karafuu, waridi, asumini, hina na udi nayo yalipitia Kiarabu; langilangi ni jina lenye asili ya Ufilipino. Basi kitendo cha kujisafisha hakikuletwa na jahazi lolote. Kilicholetwa ni bidhaa. Mkopo wa neno si ushahidi wa upungufu wa utamaduni, bali ni stakabadhi ya biashara.

Ushahidi wa maandishi haukosekani. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, aliorodhesha liwa na dalia. Liwa aliieleza kuwa ni mti wenye harufu nzuri kutoka Madagaska, ambao ulisagwa na kupakwa mwilini kwa urembo na pia kwa kutibu harara. Dalia aliieleza kuwa ni mchanganyiko wa rangi ya manjano unaolainisha ngozi na kuipa harufu nzuri. Maelezo hayo mafupi yanatufunza mambo mawili. Kwanza, njia ya biashara kati ya Unguja na Madagaska inaonekana ndani ya neno moja la urembo. Pili, urembo na tiba havikutenganishwa: kitu kilichompamba mtu ndicho kilichomponya vipele vya joto.

Neno singo lina utajiri zaidi. Limetokana na kitenzi kusinga, yaani kumsugua mtu kwa vitu vya kunukia. Singo ya bibi harusi hutengenezwa kwa kutwanga pamoja maua na viungo kama vile waridi, asumini, langilangi, liwa na karafuu, kisha hutiwa marashi. Viambato vingi ni vya kigeni, lakini jina la mchanganyiko limeundwa kwa sarufi ya Kiswahili yenyewe. Hapo ndipo tunapoona kazi ya ubunifu: somo au kungwi alipokea bidhaa za Bahari ya Hindi, akazipima, akazichanganya na kuzipa maana mpya katika mila ya ndoa.

Ubunifu huo haujakoma. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa nje ikiwa mikavu kwa bei ndogo. Kwa sababu hiyo baadhi yao wameanza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi, pamoja na karafuu au mchaichai. Thamani iliyokuwa ikienda ng'ambo hubaki kijijini walau kwa kiasi.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo hili lina uzito. Kamusi ikisema tu kwamba singo ni aina ya manukato, itakuwa imehifadhi neno na kupoteza elimu: nini hutangulia kutwangwa, kwa kipimo gani, na kwa nini. Elimu hiyo imo vinywani mwa wazee wanaopungua kila mwaka. Ni wajibu wa idara zetu kuikusanya wangali hai, na kuwataja wenyewe kuwa ndio wataalamu wa msamiati huo.